Kazi Inayoondoka na Gunia

Mhadhara kuhusu ajira za maafisa afya na wakaguzi wa usalama kazini, kwa wakazi wa Lukuledi, Masasi na Newala



Nimeombwa nijibu swali ambalo wazazi wa hapa huulizana kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Mtoto akisomea afya mazingira, au usalama na afya mahali pa kazi, ataajiriwa? Kazi ya ukaguzi katika kusini yetu ni nyingi kuliko watu wa kuifanya. Nafasi za ajira ni chache, na sehemu kubwa ya nafasi ambazo zingekuwa zetu tunazipakia kila msimu kwenye magunia ya korosho ghafi, zinashuka hadi bandari ya Mtwara, zinavuka bahari. Naomba mnivumilie nieleze jinsi ninavyolifikia jambo hilo.

Wazee wanamkumbuka bwana afya. Alifika kwa baiskeli, akaomba kuonyeshwa choo, akachungulia pipa la maji, akauliza watoto wamechanjwa lini. Leo anaitwa afisa afya mazingira. Ameajiriwa na halmashauri, anasimamia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na haruhusiwi kufanya kazi bila kusajiliwa na baraza la taaluma yake, ambalo lina sheria yake ya mwaka 2007. Ndugu yake katika kazi ni mkaguzi wa usalama na afya mahali pa kazi. Huyu yuko OSHA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2001, na nguvu yake inatoka katika Sheria Namba 5 ya 2003, inayompa haki ya kuingia kiwandani, ghalani au penye ujenzi, kukagua, na kuzuia shughuli inayohatarisha maisha ya watu. Wapo pia watu wa shirika la viwango, TBS, waliokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, na watu wa mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mchana huu nitawaita wote wakaguzi, maana kwa mkulima wa Chiungutwa au Kitangari tofauti ya ofisi zao haimsaidii kitu.

Anayedhani kazi hii ni kuchungulia vyoo tu, akumbuke yaliyotokea juu ya uwanda wetu mwaka 1952 na 1953. Watu wa Newala na vijiji vya jirani walishikwa na homa ya ghafla, na viungo vikauma kiasi cha mtu kushindwa kusimama wima. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa. W. H. R. Lumsden, aliyetoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alichunguza jinsi ugonjwa ulivyosambaa, na R. W. Ross akakitenga kirusi chenyewe. Dunia nzima sasa inauita chikungunya, kwa jina lililotoka katika Kimakonde, na umeshafika Réunion, India, Italia na mabara yote mawili ya Amerika. Vitabu vya udaktari vinavyosomwa Ulaya vinaitaja Newala kwa sababu ya mlipuko ule.

Kinachonihusu leo katika habari hiyo ni maji. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga unaimeza mvua mara inaponyesha, wala hakuna kijito cha kuchota. Bibi zetu walishuka hadi mabondeni, wakapanda tena na mtungi kichwani, na maji yaliyopatikana kwa taabu hiyo hayakumwagwa ovyo. Yaliwekwa ndani siku nyingi. Mbu aina ya Aedes aegypti anapenda maji ya namna hiyo, yaliyotulia, safi, karibu na watu. Lumsden aliwakuta mbu hao majumbani. Miaka hii tuna Mradi wa Maji wa Makonde unaovuta maji kutoka visima vya Mitema, lakini nyumba nyingi za Newala bado zina kisima cha saruji uani cha kuvunia mvua, kwa sababu bomba halitoki kila siku. Kila kisima chenye mfuniko uliopasuka kinamdai afisa afya wa kata ziara moja. Hesabuni wenyewe visima vya mtaa mmoja tu, kisha mwulize kata yenu ina maafisa afya wangapi.

Na tusiseme hayo ni ya enzi za mkoloni. Julai 2022, hapo jirani Ruangwa, watu walianza kupata homa, kichwa kuuma, uchovu na kutokwa damu puani. Kati ya wagonjwa 20 wa mwanzo walioripotiwa, watatu walifariki. Serikali ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, ambayo binadamu huipata kwenye maji au chakula kilichochafuliwa na mkojo wa wanyama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huuhuu wa Mtwara ulikuwa na wagonjwa wa konzo. Konzo ni kupooza miguu kunakoletwa na sumu ya muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, mara nyingi kwa sababu njaa imeingia na familia haiwezi kungoja muhogo ukauke sawasawa. Humpata zaidi mtoto na mama, na ulemavu wake hauponi.

Ndanda wana hospitali yenye sifa nchi nzima. Masasi kuna Mkomaindo. Dk. Leader Stirling, aliyekuja Masasi mwaka 1935 kama daktari wa upasuaji wa misheni ya UMCA na kuhudumu Lulindi na baadaye Mnero, aliishia kuwa Waziri wa Afya wa nchi hii kuanzia 1975 hadi 1980. Kusini hatujapungukiwa heshima katika tiba. Lakini chikungunya, homa ya mgunda na konzo havizuiliki wodini. Vinazuiliwa uani, shambani, kwenye kinu na kwenye jiko, na anayefika huko kabla ya mgonjwa kuanguka ni mkaguzi. Nchi hii iliwahi kulielewa hilo vizuri sana: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na watu wakatoka pale wakaenda kuchimba vyoo.

Basi kwa nini kijana mwenye stashahada anakaa nyumbani?

Nitasema ninavyoliona. Ajira ya serikali huja kwa mafungu. Mwaka 2016 ilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na mwaka uliofuata watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Nafasi nyingi zikabaki wazi kwa muda mrefu. Baadaye mlango ukafunguliwa. Mwaka 2022 serikali ilitangaza nafasi 17,412 za elimu na afya, kati ya hizo 7,612 zikiwa za afya. Ni habari njema, lakini fungu la afya linagawanywa kwa kada nyingi, na zahanati isiyo na muuguzi inapiga kelele ambayo kila mtu anaisikia. Kata isiyo na afisa afya haipigi kelele. Mgonjwa wake bado hajaugua. Kwa hiyo kila bajeti inapobana, kada hii ndiyo inayoambiwa ingoje, na mimi sioni kwamba ni kwa nia mbaya ya mtu yeyote. Ni kwamba hakuna anayekuja ofisini kuidai.

Wapo wanaosema wahudumu wa afya ngazi ya jamii watalijaza pengo hilo. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unataka kuwafundisha na kuwasambaza zaidi ya laki moja na thelathini elfu nchi nzima, na ninaufurahia kwa moyo wote. Lakini mhudumu wa jamii hana mamlaka ya kisheria ya kufunga mgahawa unaotumia maji machafu. Atakiona kisima kilichopasuka, atatoa taarifa, na taarifa hiyo lazima imfikie mtu mwenye sheria mkononi. Wahudumu wakiongezeka, maafisa afya wanapaswa kuongezeka nao.

Sasa nije kwenye korosho, maana kwa watu wa Lukuledi na Newala hakuna hesabu ya ajira isiyopitia hapo.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho takriban tani 145,000. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yamedondoka chini ya tani 20,000. Wakulima walikuwa wamehamishwa kwenda vijiji vya ujamaa na kuiacha mikorosho mbali, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua. Watafiti wa Naliendele walifanya kazi kubwa na dawa ya salfa ikaturudisha. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 310,000. Ninawaheshimu sana waliofanikisha hilo. Hata hivyo, salfa iliingia mashambani bila mkaguzi nyuma yake.

Mnaifahamu kazi yenyewe. Alfajiri, umande ungali majanini na upepo umetulia, vijana wanabeba mashine mgongoni na kuingia kwenye mikorosho. Injini inanguruma, vumbi la njano linapanda, na kwa saa kadhaa kijana yuko ndani ya wingu lile akiwa amejifunga kitambaa tu usoni. Macho yanawaka. Anakohoa. Anarudi nyumbani na nguo zilezile, anambeba mwanawe. Analipwa kwa idadi ya miti, kwa hiyo hana sababu ya kupumzika. Viuatilifu vya maji vinavyotumika pamoja na salfa ni hatari zaidi, na chupa zake tupu nimeziona zikichotewa maji na mafuta ya taa katika nyumba za watu ninaowapenda. Hakuna sheria mpya inayohitajika hapo. Mpulizaji aliyelipwa ni mfanyakazi, na shamba analopulizia ni mahali pa kazi. Kinachokosekana ni mtu wa kumfikia. Ofisi ya OSHA ya kanda iko Mtwara mjini. Kutoka huko kwenda Lukuledi na kurudi ni safari ya kutwa, na msimu wa kupuliza unafanyika vijiji vyote kwa wakati mmoja.

Hapa vyama vya msingi vina uwezo wasioutumia. AMCOS inagawa pembejeo; inajua kila mkulima na kila mfuko. Vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara na TANECU kwa Newala na Tandahimba, vinaendesha minada ya mabilioni ya shilingi. Chama kikuu chenye mizani, maghala na wapagazi kingeweza kuajiri maafisa usalama wake chenyewe: wa kufundisha wapulizaji kabla ya Juni, wa kuangalia magunia yanavyopangwa ghalani yasimwangukie mtu, wa kukusanya chupa tupu. Kijana mwenye cheti cha usalama kazini asiishie kungoja tangazo la Sekretarieti ya Ajira. Aandike barua kwa meneja wa chama, na wajumbe wa bodi, ambao wengine wamo humu ndani, waisome.

Lakini nafasi nyingi zaidi ziko kwenye kubangua.

Katika miaka ya sabini serikali ilikopa fedha na kujenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho. Masasi ilipata, Newala ikapata, Lindi, Mtama, Nachingwea na Tunduru vilevile. Mitambo iliwekwa wakati mavuno yanaporomoka, na majengo mengi yakageuka kuwa maghala. Tangu hapo sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka na ganda lake kwenda India na Vietnam. Huko Kollam, katika jimbo la Kerala, vizazi vya wanawake vimeishi kwa kubangua korosho, nyingi zikiwa zimetoka Afrika. Mnajua kinachokaa kwenye kiwanda cha namna hiyo? Si wabanguaji peke yao. Yupo mpimaji wa unyevu, yupo anayepima sumukuvu, yupo mkaguzi wa ubora anayetenga punje nzima na zilizovunjika, yupo afisa usalama, yupo muuguzi wa huduma ya kwanza, na serikali ya jimbo ina wakaguzi wake wa viwanda wanaogonga mlango. Gunia likiondoka Masasi na ganda, ajira za watu hao wote zimeondoka nalo.

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wamama wanaobangua nyumbani wamenionyesha vidole vyao, vyeusi, vimechubuka, kucha zimeliwa. Wanajipaka majivu au mafuta ya kula ili kujikinga, na wanakaanga kwenye bati juu ya moto huku moshi wake ukiwaingia kifuani. Kiwandani korosho huchemshwa kwa mvuke kwanza, na moshi unapungua, lakini mafuta ya ganda yako palepale. Glovu zipo. Mbanguaji anazivua kwa sababu zinampunguzia kasi na analipwa kwa kilo. Mkaguzi anayejua kazi yake haandiki kwenye fomu kwamba glovu zimetolewa na kuondoka zake. Anakaa na meneja, wanapiga hesabu ya malipo upya hadi mama aweze kuvaa glovu na bado apate fedha ya kutosha kulisha nyumba. Sehemu hiyo ya taaluma ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na inamtaka mtu anayeongea na akina mama hao kwa lugha yao.

Serikali imeshasema inataka korosho zibanguliwe nchini, na kongani ya viwanda vya korosho imepangwa Maranje, upande wa Nanyamba. Ninaitakia heri. Ombi langu ni kwamba wakaguzi waingizwe kwenye mpango tangu jengo liko kwenye karatasi, maana kiwanda kilichojengwa bila njia ya hewa na bila mahali pa kunawia mafuta ya ganda kitaugeuza mwili wa mbanguaji kuwa gharama yake ya uzalishaji. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo tangu 2015, na ni neema kubwa, lakini hulipa baada ya mtu kuumia.

Watu wa hapa huniambia kwamba vijana waliosomea usalama kazini wakienda Arusha wanapata kazi. Ni kweli kwa kiasi, na sababu yake inafundisha. Mashamba ya maua ya Usa River yanauza Ulaya, na mnunuzi wa Uholanzi anataka kuona kumbukumbu za dawa zilizopulizwa, vipimo vya wafanyakazi, mavazi ya kujikinga. Hoteli zinapokea wageni wanaouliza jikoni pakoje. Nafasi za ukaguzi huko zimezaliwa na bidhaa inayomalizikia mikononi mwa mlaji. Sisi tunamwuzia mnunuzi wa ghafi, ambaye anauliza unyevu na uzito tu. Tukimwuzia anayekula punje, atauliza na mengine yote, na kila swali lake litahitaji mtu wa kulijibu kwa maandishi.

Kuna milango mingine nitaipitia haraka. Barabara ya Mnivata kwenda Newala hadi Masasi, kilomita 160, inajengwa kwa lami. Mkandarasi wa kazi kama hiyo anatakiwa awe na maafisa usalama na afya kwenye kambi zake. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa Mei 2010, limeifanya Nanyumbu kuwa mpaka wa magari, na mpaka wa magari unahitaji maafisa afya. Ugonjwa wa Marburg ulipotokea Kagera mwaka 2023 nchi nzima iliona umuhimu wa watu hao. Kiwanda cha saruji cha Dangote Mtwara, gesi ya Mnazi Bay na Madimba, madini yanayotafutwa Nachingwea na Ruangwa, kote huko kuna nafasi, ila zinakwenda kwa wenye mafunzo ya ziada ya zimamoto, gesi au kazi za juu. Mwenye stashahada ya afya mazingira peke yake asikimbilie huko kabla ya kujiongezea.

Mheshimiwa Diwani, naomba niseme moja kwa halmashauri. Ushuru wa mazao ya biashara ni hadi asilimia 3 ya bei, na kwa halmashauri zetu korosho ndiyo kisima cha mapato ya ndani. Mapato ya ndani yanaruhusu ajira za mkataba, na halmashauri mbalimbali zimekuwa zikiyatumia kuajiri walimu na wahudumu wa afya. Mnapokaa kupanga bajeti, ulizeni kata ngapi hazina afisa afya. Kisha tengeni kifungu cha mikataba ya msimu, angalau kuanzia kupuliza hadi mnada wa mwisho, na kifungu cha mafuta ya pikipiki. Afisa afya asiye na usafiri anakagua soko lililo karibu na ofisi yake tu. Na naomba tusiwapime kwa faini na ada walizokusanya. Tangu mpango wa kuboresha mazingira ya biashara wa 2018 serikali imefuta tozo nyingi za ukaguzi, na ilifanya vema. Mama lishe wa gulioni anayemwona mkaguzi kama mtoza ushuru atamficha sufuria.

Sasa ninyi vijana, na wazazi wenu. Stashahada ya afya mazingira inataka ufaulu wa kidato cha nne wenye Biolojia, Kemia na Fizikia, kwa hiyo uamuzi unaanza mapema, mtoto anapochagua michepuo. Vyuo vinavyojulikana kwa fani hii, kama Ngudu kule Kwimba, Kagemu kule Bukoba na Mpwapwa, viko mbali, na nauli peke yake ni korosho za msimu. Kabla ya kulipa ada hakikisheni chuo na kozi vina usajili wa NACTVET, maana mzazi akiuza gunia lake kwa kozi isiyotambulika hakuna wa kumrudishia. Anayekwenda shahada ajiandae kwa mwaka wa utarajali baada ya masomo. Akimaliza, ajisajili kwenye baraza mara moja, ajisajili kwenye mfumo wa ajira serikalini, na ahuishe taarifa zake kila mara.

Na mkiwa mnangoja, msikae bure, lakini msijitolee bila mpaka pia. Kujitolea kituoni kwa miezi michache kunamfundisha mtu. Kujitolea miaka bila barua, bila nauli, bila ahadi, ni kazi isiyolipwa, na sitamshauri mtoto wa mkulima aifanye. Afadhali wawili watatu mwungane, mjifunze kuandaa mpango wa usalama wa chakula kwa wasindikaji wadogo, mwaendee akina mama wenye vikundi vya kubangua hapa Masasi na Newala wanaotafuta alama ya ubora ya TBS na hawajui waanzie wapi. TBS ina utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo. Kikundi kikipata alama kitauza dukani, na mtu aliyekiongoza hadi hapo ana kumbukumbu ya kazi halisi ya kumwonyesha mwajiri.

Mama aliyeniuliza kabla hatujaanza kama amwache binti yake asomee hii, jibu langu kwako, mama, ni ndiyo, kama anapenda kutembea na kuongea na watu, kama Kemia haimtishi, na kama mtaweza kumhimili mwaka mmoja au miwili ya kungoja baada ya chuo. Mkiona hiyo miwili ni mizito mno kwa nyumba yenu, uuguzi una nafasi nyingi zaidi kwa sasa na kuna chuo hapahapa Masasi. Mheshimiwa Diwani amekubali kupokea maswali. Naomba tuanze na wapulizaji.